Kabla ya Kukodi Ploti Dongo Kundu, Uliza Hisa ni za Nani

Mwekezaji akitajiwa Dongo Kundu, eneo maalum la kiuchumi la Mombasa, jambo la kwanza kuuliza ni kodi. Hilo jepesi. Chini ya Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015, kampuni hulipa kodi ya mapato asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, kisha 15 kwa miaka 10 inayofuata. Zito ni hili: wenye mji, yaani serikali ya mahali hapo, wana hisa ngapi?

Singapuri ililionja hilo Suzhou, China. Mwaka 1994 serikali mbili zilitia saini mkataba wa eneo la viwanda la kilomita za mraba 70, mashariki ya mji. Upande wa Singapuri ulishika asilimia 65, Wachina 35. Maji, umeme, mitaro, vyote vikapangwa sawasawa. Lakini magharibi ya mji uo huo manispaa ilikuwa na eneo lake yenyewe, faida yote yake, na ardhi huko ikauzwa rahisi zaidi. Mgeni akishuka, maofisa wa mji wangempeleka wapi? Mwaka 2001 hisa zikapinduliwa, Wachina 65, Singapuri 35, na mradi ukaanza kuingiza faida. Kule Binh Duong, Vietnam, ambako Singapuri pia ilijenga eneo la viwanda, kampuni ya mkoa, Becamex, ilikuwa mbia tangu mwanzo, 1996.

Dongo Kundu nayo inasaidiwa na mgeni, Japani, kwa hiyo uliza wenye mji wana hisa gani. Tena usitie saini mkataba wa kukodi ploti kabla haujaandikwa ndani yake nani anavuta laini ya umeme hadi kwenye ua wako, na kwa tarehe gani. Nafuu ya kodi ni ya faida. Kiwanda kinachoendeshwa kwa jenereta huenda kisiwe na faida ya kutozwa hiyo asilimia 10.

Halafu soko, ambako wengi huumia. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mwenye leseni ya EPZ (ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, tofauti na ile ya eneo maalum) kuuza ndani ya jumuiya asilimia 20 tu ya anachozalisha kwa mwaka, tena kwa idhini na kwa ushuru kamili. Anayetengeneza sabuni ya Kampala na Kigali, leseni hiyo itambana. Atafute godauni la kawaida Changamwe au Miritini, aombe cheti cha uasili wa bidhaa, malori yake yavuke Malaba bila ushuru. EPZ ni ya yule ambaye kontena zake zinapakiwa melini Kilindini.