Tulivyoweka bafu juu bila kukatakata boriti

Nyumba tunayokaa Parklands ni ya mawe, ya zamani, na sakafu ya juu ni mbao tupu: vibao vimepigiliwa juu ya boriti za inchi nane kwa mbili. Mama mkwe alipohamia kwetu, ngazi zikawa zinamshinda usiku, basi tukaamua kumwekea choo na bafu huko juu. Mwenye slabu ya zege haya hayamhusu. Kwenye mbao, fundi bomba mwenye msumeno ni hatari kuliko mchwa.

Na wetu alikuwa hodari kwelikweli wa mabomba. Alitaka achonge pengo juu ya kila boriti, alaze bomba, arudishe vibao, amalize.

“Mama, ni inchi mbili tu.”

“Fundi, mbili kwa nane ni robo.”

Uwezo wa boriti kuhimili mzigo bila kuvunjika hufuata mraba wa kina chake, yaani kimo chake toka juu hadi chini. Ukiondoa robo ya kina, pale ulipokata panabaki na asilimia 56 tu ya nguvu.

Nikamwita mzee seremala aliyetutengenezea milango. Alibandua vibao kadhaa, akachora kwa chaki mahali kila boriti inapopita. Zilitoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Mimi choo nilikuwa nimekichora upande wa dirisha la pembeni, na huko bomba la inchi nne lingekatiza boriti tatu. Kwa mbao ya inchi nane hilo halijadiliwi. Tukakisogeza ukuta wa nyuma, bomba likapita katikati ya boriti mbili moja kwa moja hadi nje. Vigae vilikuwa bado dukani, kwa hiyo kuhama huko kuligharimu chaki tu.

Maji ya bafu yalitusumbua zaidi. Bomba la inchi moja na nusu linahitaji mteremko, nasi tulifuata moja kwa arobaini, yaani kushuka inchi moja kila inchi arobaini. Likikatiza boriti, kila tundu lazima liwe chini ya lililotangulia, na punde unatoboa karibu na ukingo. Fundi akasema tuinue bafu kwa kidaraja. Kwa mtu wa magoti mabovu? Tukaliweka sambamba na choo, bomba lake nalo likafuata boriti.

Mabomba ya maji safi, ya plastiki ngumu iitwayo PPR, ya milimita 20, hayakuwa na njia ila kukatiza. Hapo tulifuata kanuni ya wajenzi wa Uingereza: tundu liwe katikati ya kina, lisizidi robo ya kina hicho, na likae kati ya robo na sehemu nne za kumi za urefu wa boriti kutoka kwenye ukuta unaoibeba. Boriti zetu ni futi 12, kwa hiyo ni kati ya futi tatu na karibu tano. Juu, mbao inabanwa, chini, inavutwa, katikati ya kina inaumia kidogo sana. Faida nyingine ni kwamba msumari wa sakafu haulifikii bomba. Drili ya kawaida haikuenea kati ya boriti, tukaazima yenye kichwa kilichopinda. PPR haikunjiki, ikabidi ipitishwe vipandevipande na kuchomelewa humohumo, fundi akinung’unika.

Vibao vilipofunguka tulikuta boriti moja imechongwa zamani katikati kabisa, kwa ajili ya bomba la chuma, na ilikuwa imepasuka. Ndiyo maana kabati lilitikisika ukipita. Mzee aliinyanyua polepole kwa jeki ya gari na nguzo kutoka chumba cha chini, akaiambatanisha na mbao kavu ya saipresi yenye kina kilekile, ndefu hadi kukalia kuta zote mbili, kwa bolti zenye washa kubwa zilizopishana juu na chini.

Mabomba yalijazwa maji usiku kucha kabla ya kufunika. Vibao vya juu yake tulivifunga kwa skrubu, ili siku ya kuvuja vifunguliwe bila nyundo.