Jioni niliyoielewa Omikroni kwa kalamu

Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipotangaza aina mpya ya kirusi cha korona, iliyoitwa Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya mwiba (sehemu ambayo kirusi hutumia kuingia kwenye seli), nilikaa mezani na daftari nikitaka kujua kwa nini watu waliokwisha kuugua walikuwa wakiugua tena. Nilianza na hesabu ndogo: ikiwa mgonjwa mmoja huambukiza watu 5 mahali ambapo hakuna mwenye kinga, basi penye kinga kwa watu 80 katika kila 100 ataambukiza mmoja tu, na ugonjwa hautaongezeka. Kisha nikafuta kinga ya nusu ya hao 80, bila kuigusa ile 5, na mgonjwa yuleyule akawa anaambukiza watu 3. Niliitazama ile 3 kwa muda mrefu.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba kirusi kinachoambukiza kwa wepesi zaidi na kirusi kinachokwepa kinga vinaweza kupandisha idadi ya wagonjwa kwa kasi ileile. Kuvitofautisha kunahitaji kupima damu za waliochanjwa na kuwahesabu wanaougua mara ya pili, kazi ambayo watafiti wa Afrika Kusini waliifanya kwa wepesi ninaouheshimu sana.