Kobe wa Curieuse

Tiketi ya kuingia Vallée de Mai, pale kisiwani Praslin, Seychelles, ni ghali, na mwenyeji wangu aliniona nikisita dirishani. Akanieleza kuwa pesa ile haiishii humo msituni. Seychelles Islands Foundation, wanaosimamia msitu huu wa minazi ya coco de mer, ndio hao hao wanaosimamia Aldabra, kisiwa cha kobe wakubwa kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé, na mapato ya hapa ndiyo yanayosaidia kuwalipa walinzi wa kule na kuwapelekea chakula. Nikalipa kwa moyo mweupe. Kobe ndio walionitoa nyumbani, na kumbe nilikuwa nimeanza kuwachangia kabla hata sijamwona mmoja.

Aldabra kwenyewe sikufika. Hakuna hoteli wala boti ya abiria. Unahitaji kibali na meli, na wanaoishi huko ni kikundi kidogo cha watafiti na walinzi. Lakini kobe wapo kama 100,000, na hakuna mahali pengine duniani penye kobe wakubwa wengi kiasi hicho. Wasafiri wengi hufanya nilivyofanya mimi: wanavuka hadi Curieuse, kisiwa kidogo mbele ya Praslin, ambako kobe wa Aldabra waliletwa kati ya 1978 na 1982.

Tuliondoka asubuhi kutoka Anse Volbert. Ni mwendo mfupi, bahari ilikuwa shwari, na udongo mwekundu wa Curieuse ulionekana tangu tukiwa mbali. Boti ikatia nanga Baie Laraie, tukashuka majini hadi magotini. Hata kabla sijavaa viatu, kobe wa kwanza alikuwa pale mchangani, chini ya mtondoo, anatafuna majani yaliyoanguka.

Nilikaa naye muda mrefu. Gamba lake lilikuwa limesuguka mgongoni hadi likang'aa, ila pembeni bado ungeona mistari ya ukuaji, mmoja ndani ya mwingine. Alikuwa akikata jani kwa kulivuta nyuma kwa kichwa kizima, kisha anapumzika, kisha anakata tena. Askari wa hifadhi alinionyesha namna ya kumkuna shingoni. Nilipofanya hivyo, yule mzee alijiinua polepole kwa miguu yote minne, akainyosha shingo yake yote juu, akatulia hivyo hivyo, macho nusu wazi. Ngozi ilikuwa kavu na yenye mikunjo, na chini ya vidole vyangu nilisikia pumzi ikipita. Dume akikomaa anaweza kupita kilo 200, na umri wa miaka 100 kwao ni jambo la kawaida. Watalii wawili walitaka kumpanda wapige picha. Askari aliwakatalia papo hapo, na nilifurahi sana.

Kufikia saa tano jua lilikuwa kali, na kobe wote walikuwa wamejikusanya vivulini. Askari akaniambia kivuli kwao ni uhai: kobe akikutwa na jua la mchana mahali pa wazi huko Aldabra, anaweza kufa kwa joto. Ndiyo maana mbuzi walioachwa kisiwani humo na watu wa zamani walikuwa balaa. Walikula vichaka na miche, kivuli kikapungua. Kazi ya kuwaondoa ilichukua miaka mingi, na wa mwisho waliondolewa mwaka 2012.

Yapo mambo ambayo ukiyajua huwezi kumtazama kobe kama zamani. Bahari ya Hindi ilikuwa na kobe wakubwa katika visiwa vingi: Mauritius, Réunion, Rodrigues. François Leguat, Mfaransa aliyeishi Rodrigues kuanzia 1691, aliandika kwamba walikusanyika wengi hata mtu aliweza kutembea zaidi ya hatua mia juu ya migongo yao bila kukanyaga ardhi. Mabaharia waliwapakia wakiwa hai kwa sababu kobe hukaa miezi bila chakula wala maji. Akawa ndiye nyama mbichi ya safari. Kufikia katikati ya karne ya 19 kobe asilia wa visiwa vile vitatu walikuwa wamekwisha. Wanaoonekana huko siku hizi ni wa asili ya Aldabra, wamepelekwa kujaza pengo.

Aldabra ilinusurika kwa ubaya wake. Mawe yake ni makali kama wembe, maji ya kunywa ni shida, nayo iko mbali na kila kitu. Hata hivyo umbali peke yake usingetosha. Mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius kuwaombea kobe hao. Miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga huko uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wakapiga kelele, na mwaka 1967 mpango ukafutwa. Leo adui ni plastiki. Mwaka 2019 watu waliojitolea walikusanya tani 25 za taka kwenye fukwe zake, nyavu na kandambili kwa wingi, na nyingi zaidi zikabaki.

Niliuvuka msitu wa mikoko hadi Anse St José, ilipo nyumba ya daktari wa zamani wa koloni la wakoma, lakini nilirudi mapema. Nilitaka kuona banda la watoto wa kobe. Wamezungushiwa ua kwa sababu wengi wao huibwa. Mtoto wa kobe hujaa kiganjani, na wanunuzi hawakosi.

Hapo nikamsimulia askari habari za Changuu, mbele ya Mji Mkongwe. Mwaka 1919 gavana wa Seychelles aliipa Zanzibar zawadi ya kobe wanne. Kufikia 1955 walikuwa 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine wakauzwa nje, wengine wakaliwa, hadi mwaka 1996 wakabaki saba. Inaniuma kila ninapoitaja hesabu hiyo, maana Changuu si Aldabra; ni nusu saa tu kwa boti kutoka Forodhani, sote tulikuwepo. Sasa wana ua na walinzi, na wameongezeka tena.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwongezea ya Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam: Desemba 2004 kobe mkubwa alitoka baharini mwenyewe, akapanda ufukweni, miguu imeshikwa na vile viumbe vya ganda gumu vinavyoganda chini ya majahazi. Wataalamu waliompima walisema alielea wiki kadhaa, na inawezekana kabisa alitoka Aldabra, zaidi ya kilomita 700.

"Wakamchinja?" akauliza haraka.

Nikamwambia hapana. Alikuwa amekonda sana, lakini alipewa pa kuishi. Akacheka kwa furaha, akawaita wenzake wawili waliokuwa wakitengeneza ua, akanitaka niirudie hadithi tangu mwanzo.