Faili Iliyosimamisha Mauzo

Juzi kijana anayefanya mafunzo kwa vitendo ofisini aliniuliza kwa nini kila nikifunguliwa folda ya msimbo wa programu, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, natafuta kwanza faili iitwayo COPYING, hata kabla ya kusoma mkataba. Nikamjibu kwa kifupi kwamba humo ndimo leseni hukaa. Alipotoka nikabaki namkumbuka yule fundi, na yale mauzo ya kampuni.

Tulikuwa upande wa mnunuzi. Kampuni iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa ndogo, na mali yake yote ya maana ilikuwa programu moja iliyokuwa ikienda kwa wateja ndani ya vifaa vyake. Hati za hisa, mikataba ya ajira, kodi, kesi mahakamani: tulipekua vyote, vyote safi. Ilibaki ripoti ya kulinganisha msimbo wa kampuni na programu huria zilizoko mtandaoni, zile ambazo wenyewe wameziachia wengine wazitumie na kuzibadilisha kwa masharti ya leseni. Ikaja jioni, kesho yake ndiyo siku ya kutia saini, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja mwekundu: faili iliyofanana na kazi ya mtu mwingine.

Wenzangu walitaka tuandike barua ya maswali. Mimi niliomba kukaa na aliyeiandika programu yenyewe. Akaja, mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akavuta kiti, akafungua kompyuta yake, akasema, "Wakili, nitakuonyesha kila kitu. Sina cha kuficha."

Akafungua folda, na folda ndani ya folda, hadi tukaifikia faili ile. Juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, kulikuwa na maelezo mafupi ambayo hakuna aliyeyagusa: jina la mtu, mwaka, na tamko kwamba kazi hii inatolewa chini ya Leseni ya Umma ya GNU, toleo la 2, mojawapo ya leseni za programu huria. Fundi akaweka kidole kwenye kioo, chini ya lile jina.

"Huyu simjui," akasema. "Lakini mwaka wa kwanza kazi yake ndiyo iliyotuvusha. Bila yeye tusingekuwa na cha kuuza."

Nikamwomba afungue COPYING. Tukaisoma pamoja, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikifafanua. Ibara ya 2: ukigawa kazi yenye msimbo huu ndani yake, kazi nzima sharti itolewe kwa leseni hiihii. Ibara ya 3: wanaoipokea wapate na msimbo chanzo wake. Ibara ya 4: anayeigawa kinyume cha masharti, haki zake chini ya leseni zinakoma zenyewe. Hapo akaacha kusoma.

"Ina maana tangu tulipouza kifaa cha kwanza..."

Hakumaliza, na mimi sikummalizia.

Wapo wanaodhani leseni za namna hii ni maombi tu, kwamba kitu kilichotolewa bure hakina mwenyewe. Mahakama zimekataa. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni kusambaza programu kinyume cha leseni hiyohiyo. Mwaka 2008, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani ilimsikiliza mtu aliyetoa bure programu ya kuendesha treni ndogo za mfano. Ikasema masharti aliyoyaweka yanaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki, na kwamba kutotoza fedha si ushahidi kuwa mwenye kazi hana maslahi ya kiuchumi. Ndiyo maana sikuweza kumwambia mteja wangu asaini tu, mengine yatajipa.

Saini ikaahirishwa. Mawakili wa muuzaji wakamwandikia mwenye lile jina, tayari kumlipa ili atoe leseni ya pili, maana mwenye hakimiliki anaweza kuitoa kazi yake kwa masharti zaidi ya aina moja. Akajibu kwa aya chache. Fedha hakutaka. Yaliyopita aliyaachilia kwa maandishi, bila kuweka sharti. Ila aliomba marekebisho waliyoyafanya kwenye faili zake yachapishwe, kwa sababu wapo wengine wanaoitegemea kazi ile na yangewafaa.

Mteja wangu alikataa. Hakutaka washindani waone chochote. Akaniuliza kama sheria inamruhusu kupokea msamaha na kuliacha ombi, nikamwambia inamruhusu. Sehemu ile ikaandikwa upya na watu ambao hawakuwahi kuuona msimbo wa awali, kiasi cha bei kikazuiwa kama dhamana, kifungu cha fidia kikakazwa. Tukafunga.

Ushauri ule ulikuwa sahihi, na leo ningeutoa vilevile. Mteja huwa amenikabidhi mali yake niilinde. Lakini makala yangu ya kwanza kuhusu sheria na teknolojia niliiandika mwezi huohuo, na ilikuwa juu ya mtu yule. Tangu hapo nimeandika mara nyingi kulisifu toleo la 3 la leseni ile, la mwaka 2007, ambalo linampa nafasi anayekiuka kwa mara ya kwanza: akirekebisha ndani ya siku 30 tangu mwenye hakimiliki amjulishe, haki zake zinarudi moja kwa moja. Ni kifungu cha busara. Ila kinamtazama aliyekiuka. Aliyetoa jasho lake bure, likaijenga kampuni ya watu mpaka ikauzika, kisha likaondolewa kihalali kabisa kabla ya malipo, yeye sijui nimwandikie kifungu gani. Rasimu ninazo. Kila moja nikiisoma kwa macho ya wakili wa mnunuzi, naona mahali pa kuipenya.