Kumbukumbu ya mradi: kingamwili za protini V ya virusi vya mdondo

Virusi vya mdondo (kideri) hutoa protini P na V kutoka jeni moja. Asidi amino 135 za mwanzo ni zilezile. G (herufi moja ya kijeni) ya ziada ikipachikwa kwenye mRNA, nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, usomaji unahama na V inapata mkia wake wenye sisteini (asidi amino yenye salfa) nyingi. Mkia huo ndio unaoiwezesha V kuangusha STAT1, protini ya seli inayobeba ishara, na kuzima ishara ya intaferoni, kinga ya seli dhidi ya virusi. Kwa hiyo antijeni yetu, yaani kitu cha kumchanja sungura ili atoe kingamwili, ni mkia peke yake. Sungura akichanjwa V nzima, kingamwili zake zitashika P pia, na P ndiyo iliyo nyingi kwenye seli.

Kipande cha jeni cha mkia huo kimo kwenye plazmidi ya pET (duara la DNA la kuzalishia protini), chenye histidini sita za kushika nikeli, ndani ya bakteria E. coli BL21. IPTG, kemikali ya kuwasha uzalishaji, ya milimola 0.5 inaingia OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ikifika 0.6. Kwa nyuzi 37 protini karibu yote inakuwa mabonge yasiyoyeyuka. Kwa bloti (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili kwenye utando) hiyo ni nafuu: yakioshwa kwa sabuni ya Triton asilimia 1, usafishaji umefika nusu. Baada ya hapo ni urea ya mola 8 ya kuyayeyusha, safu ya nikeli, na imidazoli ya milimola 250 kuitoa protini. Sisteini hushikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo weka beta-merkaptoethanoli ya milimola 5 kuzitenganisha. DTT, kemikali nyingine ya kazi hiyo, hapana, safu inageuka kahawia. EDTA pia hapana, inang'oa nikeli.

Damu ya kabla ya chanjo hutolewa kwanza. Kisha mikrogramu 200 na adjuvanti kamili ya Freund (mafuta yenye bakteria waliokufa, ya kuamsha kinga), chini ya ngozi, sehemu kadhaa. Nyongeza ni mikrogramu 100 na isiyo kamili kila wiki tatu. Ile kamili hairudiwi, vidonda vyake ni vibaya.

Sungura wengi tayari wana kingamwili za E. coli. Seramu ipite kwanza kwenye majimaji ya bakteria waliopasuliwa wasio na plazmidi, ndipo iende kwenye safu ya antijeni. Glisini ya pH 2.7 inazitoa kingamwili, na kila mrija wa kupokelea uwe na Tris ya pH 9 ya kuzima asidi, sehemu ya kumi ya ujazo, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Bloti ya seli za kuku za DF-1 zilizoambukizwa LaSota (aina ya virusi vya mdondo ya chanjo), saa 24: mstari karibu na kilodaltoni 36, kama V inavyotarajiwa. Seli zenye P pekee hazionyeshi kitu kwenye 53 hadi 55. Ukungu hafifu karibu na 70 upo hata kwenye seli zisizoambukizwa, kwa hiyo ni wa kuku.

Kwa darubini ya mng'ao hatuzitegemei kingamwili hizi bado: antijeni ya urea imefunguka umbo, na V ndani ya seli imekunjwa ikishika zinki. Kundi lijalo litapata mkia uliounganishwa na GST (protini inayosaidia kuyeyuka), uliozalishwa kwa nyuzi 18 na zinki kidogo kwenye mchuzi wa bakteria.