Gati la Canvey

Kaseti yenyewe bado ninayo. Ya dakika tisini, plastiki yake imeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na juu ya karatasi Ami ameandika kwa kalamu ya bluu: MADAKTARI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Asifute mtu.

Kaka yangu akafuta. Juni 1990, siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, alitaka kurikodi mpira redioni, hakuona kaseti tupu, akatia iliyokuwa karibu. Ndiyo maana upande wa pili, katikati ya wimbo, gitaa likiwa ndiyo kwanza linapamba moto, pana mkwaruzo mmoja halafu anaingia mtangazaji akipiga kelele za Omam-Biyik, Omam-Biyik, Kameruni wameifunga Argentina. Ami hakumpiga kaka. Alisema tu, "Basi angalau umefuta kwa jambo la maana."

Mimi napiga fidla kwenye klabu ya taarab hapa mjini Unguja, mwaka wa ishirini na tisa huu. Mtalii akisikia kwamba nina mapenzi na kundi moja la Kiingereza, humkatizi: atasema Freddie Mercury, yule wa Queen. Haya, kazaliwa hapa, 1946, tunashukuru. Lakini wangu mimi ni Dr. Feelgood. Wanapiga R&B ya zamani, si hii ya kubembelezana ya siku hizi. Bluzi za Waamerika weusi, zimechukuliwa na vijana wa Kiingereza zikapigwa kwa kasi na kwa hasira kidogo, kwenye baa iliyojaa moshi. Hata jina walilichukua huko Marekani. Dr. Feelgood ni jina alilolitumia mpiga piano Willie Perryman, yule Piano Red, kwenye sahani yake ya 1962. Ami aliona uvivu kulitamka, akawaita Madaktari.

Ami alikuwa baharia, mtu wa Wete aliyehamia Unguja kwa jina tu, maana maisha yake yalikuwa majini. Kaseti alirikodiwa na mwenzake mmoja bandarini Tilbury, Uingereza, akatuwekea siku aliyorudi likizo, nyumbani kwetu Michenzani. Redio yetu ilikuwa na spika moja. Ya pili ilikufa zamani, na mama aliitia kitambaa ili mende wasifanye makazi. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba albamu yao ya kwanza, Down by the Jetty, ya Januari 1975, ilitolewa kwa mono. Yaani hata mwenye spika mbili za maana, zote zilimwambia neno moja. Hatukupunjwa kitu! Nilicheka peke yangu hadi jirani akaniuliza kulikoni.

Jetty ni gati, na gati lao liko Canvey, kisiwa mdomoni mwa mto Thames. Ami hakupata kushuka pale, alikipita tu na meli.

"Ukiingia mtoni kwenda Tilbury," alikuwa akisema, "tazama mkono wa kulia. Utaona matangi ya mafuta, utaona ukuta, na nyuma ya ukuta utaona mapaa. Mapaa, mwanangu. Nyumba huzioni. Bahari iko juu, watu wako chini."

Mabaharia walikijua kisiwa hicho kwa gesi. Mwaka 1959 meli ya Methane Pioneer ilishusha pale gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa maji, kutoka Louisiana, na ilikuwa mara ya kwanza duniani gesi ya namna hiyo kuvushwa bahari. Watu wa Canvey wenyewe wanakumbuka jambo jengine. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 maji yaliupita ukuta, wakafa watu wasiopungua 58. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa usiku kama huo. Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, bado iko karibu mno.

Katika watoto wa Canvey waliokuwa hai usiku ule alikuwemo mmoja wa miaka mitano, John Wilkinson. Alipokuwa mkubwa aliligeuza jina lake akawa Wilko Johnson, kinyume kile kile tulichokuwa tukisema skuli ili mwalimu asituelewe. Akasoma Kiingereza chuo kikuu cha Newcastle, na ndani yake akasoma Kiaislandi cha kale, lugha ambayo sijui inamsaidia nani kwenye baa. Akasafiri mpaka India, akarudi, akawa mwalimu wa skuli. Mwaka 1971 wakaanzisha kundi: yeye na gitaa, Lee Brilleaux akiimba na kupuliza hamonika, John B. Sparks kwenye besi, na John Martin kwenye ngoma, ambaye walimwita The Big Figure, yaani Bonge la Mtu, na ukimwona huulizi kwa nini.

Kwa miaka nilimjua Wilko kwa sikio tu. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye video, simu ya mtoto wa dada yangu, nilishtuka. Nilikuwa nikidhani kwenye kaseti wanapiga gitaa watu wawili, mmoja anashika mdundo na mwengine anajibu. Kumbe ni mkono mmoja! Hashiki kile kijiti cha kupigia. Vidole vyenyewe vinazichapa nyuzi, vinapanda na kushuka kama mtu anayekung'uta unga mkononi, na katikati ya kukung'uta huko sauti inachomoka, kali, fupi, inakatwa kabla haijapoa. Mkono wa kushoto ndio unaokata: anagandamiza, anaachia, anagandamiza. Macho ameyakodoa kama aliyeona shetani mlangoni, na miguu inamtembeza mbele na nyuma jukwaani kama behewa juu ya reli. Pembeni yake Brilleaux, suti nyeupe isiyopata kuwa nyeupe, jasho, sauti ya mpiga debe aliyekesha.

Niliipachua fidla, nikaiweka mapajani na kujaribu mkono ule. Siku mbili sikuweza kushika kisu cha kumenyea ndizi.

Mwaka 1976 albamu yao iliyorikodiwa jukwaani, Stupidity, ilishika namba moja Uingereza. Mwaka huo huo Brilleaux alitoa mkopo wa pauni 400 ilipoanzishwa kampuni ya santuri ya Stiff, iliyokuja kuwatoa wengi. Halafu 1977, wakiwa studio na albamu ya nne, wakagombana, na Wilko akaondoka. Hapo tu. Miaka sita tangu waanze. Aliyekuja, Gypie Mayo, hakumwiga, alipiga vyake, na 1979 wakaingia kumi bora kwa wimbo ulioitwa Milk and Alcohol, Maziwa na Pombe. Mama alimuuliza Ami hawa Madaktari wako wanaimba nini hapa. Ami akafikiri kidogo. "Maziwa, shemegi. Wanasifu maziwa."

Baada ya hapo ni watu kuingia na kutoka, na sitawachosha. Sparks na Martin waliondoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, akabaki Brilleaux peke yake katika wale wanne, akazunguka na jina hilo mpaka saratani ilipomchukua Aprili 1994. Alikuwa na miaka 41. Mwaka uliofuata wenzake wakalirudisha kundi jukwaani, wenyewe wanasema ndivyo alivyotaka. Tangu 1999 anaimba Robert Kane. Hakuna hata mmoja wa wale wanne.

Na hapa ndipo nilipogombana na mgeni.

Alikuja mazoezini kwetu wiki mbili nyuma, mzee wa Kiingereza, mpole, anaipenda kanuni, ile ala yetu ya nyuzi. Baada ya mazoezi tulikaa barazani na kahawa. Akasema ametoka Essex. Nikamwambia, Essex naijua Canvey, kwa Madaktari. Kikombe kilimponyoka, bahati kilikuwa kitupu. Tukazungumza, tukacheka, aliwahi kuwaona 1975 kwa macho yake, nikamwonea wivu wa wazi. Nilipomwambia kwamba hawa wa sasa nao nawasikiliza, uso ukabadilika. Kundi lile lilikufa 1994, alisema, na kwa wengine lilikufa 1977. Hawa ni watu tu wamevaa jina.

Nikamwonesha ukuta wa klabu. Picha zimejipanga pale, koti na tarbushi. Nikamwambia nenda Malindi kawatazame Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya 1905. Waliianzisha nani? Wote wako makaburini, na wajukuu wao wengine wako makaburini. Culture Musical Club hapo Vuga ni ya 1958. Hujasikia mtu Unguja nzima akisema klabu hizi zimekufa, watu wamevaa jina. Klabu ndiyo inayomvaa mtu. Unaingia, unapewa kiti, unakaa mpaka mgongo ukatae, unaondoka, kiti kinabaki.

Nilisema kwa kujigamba, nakiri. Mzee akanyamaza, akauliza swali dogo tu: "Lakini wewe, kwenye hicho kiti, unapiga vyako au vyake aliyekuwepo?"

Sikumjibu siku ile. Ngoja nijibu hapa.

Kiti changu kilikuwa cha mzee mmoja fundi cherehani, ndiye aliyenifundisha. Katika bashraf moja, muziki wa ala tupu bila kuimba, tunayofungulia shughuli, pana sauti ambayo fidla zinatakiwa ziipande na kusimama juu yake. Yeye hakusimama. Alikuwa akiifikia halafu anateleza chini kidogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi akajishika. Akanifundisha hivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia naye alifundishwa hivyo na mwalimu wake, mtu wa Pemba, ambaye katika ujana wake alianguka kutoka kwenye mkarafuu akavunjika kidole cha tatu. Kidole kiliunga vibaya. Hakikuweza kusimama kwenye uzi, kikiteleza tu. Mwanafunzi wake, mwenye vidole kumi vizima, akateleza. Na mimi nateleza. Na kuna msichana wa miaka kumi na sita namfundisha sasa, juzi nikamsikia akifika pale, na yeye huyoo, chini.

Kwa hiyo jibu ni vyake, mzee wangu, na wala si vya yule aliyekuwepo. Ni vya aliyeanguka mkarafuuni, na simjui hata jina.

Wilko naye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto aliyejilazimisha kupiga gitaa la kulia, akimfuata Mick Green, mpiga gitaa wa kundi la Johnny Kidd and the Pirates. Mkono wake uliokuwa na akili ndio uliokuwa ukikata. Sasa ukiwasikiliza hawa wa leo, wazee wenye heshima zao, tega sikio kwenye gitaa tu, uache uimbaji. Ule ukataji upo. Si ukali ule, nakubali, na zipo nyimbo nyengine naona wanazipiga kama karani anayegonga mihuri. Lakini sauti inachomoka na inakatwa kabla haijapoa.

Mgeni wangu ana haki yake katika jambo moja. Sisi klabu ni ya watu arubaini, akitoka mmoja wanabaki thelathini na tisa wa kumkumbusha mgeni njia. Wale walikuwa wanne. Wakitoka wanne, nani anamkumbusha nani? Na klabu yangu isijifanye malaika, maana tumeshagawanyika kwa ugomvi wa tiketi, nusu wakaondoka na madaftari ya nyimbo, na tuliobaki tukasema wale si klabu, wamevaa jina tu. Maneno ya Mwingereza kabisa.

Wilko mwenyewe aliishi kuliko alivyoambiwa. Januari 2013 ikatangazwa ana saratani ya kongosho isiyotibika, akakataa dawa kali, akafanya ziara ya kuaga, akarikodi albamu na Roger Daltrey wa The Who akidhani ni ya mwisho, ikafika namba tatu. Halafu daktari mmoja, Charlie Chan, mpenzi wa muziki na mpiga picha, akaona ajabu kwamba mtu wa kufa anarukaruka vile jukwaani, akashauri atazamwe tena. Mwaka 2014, hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge, wakamtoa uvimbe wa kilo tatu. Akapiga gitaa miaka minane zaidi, akafa Novemba 2022. Kweli kabisa aliokolewa na daktari aliyekuja kumsikiliza. Ami angelipenda hilo kuliko wimbo wowote, lakini hakulikuta.

Jana nilikwenda bandarini Malindi kumpokea binti wa Ami, anatoka Pemba. Boti ilichelewa. Nikakaa juu ya gunia la mtu, nikatia visikilizio, nikaufungulia wimbo ule ule wa upande wa pili, kwenye simu, mzima, haujafutwa. Nimeshausikia hivyo mara mia. Na bado gitaa likifika pale linapopamba moto, mwili wote unasimama, sikio linamsubiri mtangazaji, na Wilko anaendelea tu kama hakuna lililotokea, wakati mimi nimebaki nyuma na Omam-Biyik.

Boti ikapiga honi. Mwenye gunia alikuwa amesimama mbele yangu, sijui tangu lini.