Kutoka Same hadi Marangu na kidato cha tatu

Tuliondoka Same alfajiri, Kosta imejaa wanafunzi, nami nimepakata ramani. Wiki nzima nilikuwa nimewachorea kontua ubaoni, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Walizinakili vizuri, lakini nilijua hazijawaingia. Nilitaka wazipande.

Hadi Mwanga ni migunga, mkonge na vumbi. Kulia Milima ya Upare, kushoto kwa mbali Bwawa la Nyumba ya Mungu liking'aa. "Mwalimu, mbona kwetu kukavu na milima hii hapa?" Nikamwomba dereva asimame. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda upande wa pili wa milima, hupoa, humwaga mvua hukohuko. Zikivuka kushukia Same zimeshakauka. Kijana mmoja akasema kumbe ndiyo maana shangazi yake wa Ndungu analima mpunga.

Himo tukaiacha barabara ya Moshi, tukaanza kupanda Kilimanjaro. Mahindi yakaisha, migomba ikaanza, kahawa chini yake. Madirisha yakafungwa bila mtu kuagizwa. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na siku hiyo walioandika hesabu hiyo daftarini walikuwa wanatafuta masweta.

Marangu tulishika kijia katikati ya vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilivyopakana kwa mimea ya masale. Hapo tukakuta mfongo, mfereji wa udongo ambao mtoto anauruka, maji yake yakipita taratibu ubavuni mwa mlima. Mahali pa kugawia maji pamezibwa kwa tope na vipande vya mgomba. Nikawaambia waufuate tu. Hatua mia hivi, msichana mmoja akasimama. "Mwalimu, hatupandi wala hatushuki. Hii si kontua?"

Ni karibu kabisa na kontua. Mfongo huinama kidogo tu, maji yatembee bila kuchimba udongo. Wachagga wa zamani waliipima mifongo kwa macho na kwa maji yenyewe, na kwangu huo ni ujuzi mkubwa usiopewa nafasi inayostahili darasani.

Tukakutana na bibi mmoja, mzigo wa nyasi kichwani. Tulimwamkia, akaitika, tukamtua.

"Bibi, nyasi umezitoa wapi?"

"Shamba la chini, wajukuu. Ng'ombe yuko juu, malisho yako huko."

Ng'ombe hafunguliwi. Anakula zizini, samadi inarudi kwenye migomba. Kihamba ni kidogo, kimeshagawanywa kwa wana vizazi kadhaa, na wanawe wawili wako Dar es Salaam.

Tukatandaza ramani juu ya nyasi, tukahesabu mistari kutoka shamba la chini hadi kwake. Akauliza ni ya nini.

"Kila ukivuka mmoja na mzigo wako, bibi, umepanda," msichana akamjibu.

Bibi akataka kuonyeshwa mfongo wao. Haukuwemo. Msichana akatoa penseli, akauchora.